Kuweka faiawoli nyuma ya modemu ya mtoa huduma: niigeuze modemu iwe daraja, au niiache ilivyo?

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri kabla sijaendelea. Modemu niliyopewa na mtoa huduma wa intaneti inafanya kila kitu peke yake: inapokea laini ya nje, inagawa anwani, inatoa Wi-Fi, na simu ya mezani nayo imechomekwa humo humo. Sehemu kubwa ya mipangilio yake imefungwa, na mtoa huduma huibadilisha kwa mbali bila taarifa, jambo ambalo ndilo lililonisukuma kutafuta faiawoli (kifaa cha kuchuja kinachoingia na kutoka mtandaoni) yangu mwenyewe. Nimepata kompyuta ndogo yenye poti mbili za mtandao na kuiwekea OPNsense, programu ya faiawoli. Nataka vifaa vyote vya ndani vikae nyuma yake, na niweze kuingia kwa VPN (njia salama ya kufikia mtandao wa nyumbani kupitia intaneti) nikiwa mbali. Nilipoiunganisha kwa majaribio, faiawoli ilipata anwani kutoka kwa modemu, lakini kompyuta zilizo nyuma yake hazikufika popote. Je, dawa ni kuigeuza modemu iwe daraja, yaani ipitishe laini tu na kazi nyingine ziachiwe faiawoli? Naomba kuwasilisha.

FundiWaya
Mkuu, hilo la kompyuta kutofika popote huenda lina sababu nyepesi. OPNsense huja na 192.168.1.1 kama anwani yake ya upande wa ndani, na modemu nyingi nazo hugawa anwani za kundi hilo hilo. Pande zote mbili zikiwa na namba za mtandao mmoja, faiawoli haina namna ya kujua pakiti (kipande cha data) iende upande upi. Chomoa kebo ya nje, badili upande wa ndani uwe 192.168.50.1 kwa mfano, hakikisha DHCP inagawa anwani za mtandao huo mpya, ndipo uunganishe tena.

Kuhusu swali lako kuu, mimi ningeigeuza modemu iwe daraja, kwa sababu anwani ya nje itatua moja kwa moja kwenye faiawoli na NAT (kubadili anwani za ndani ziwe anwani moja ya nje) itafanyika mara moja badala ya mbili. Ukishaigeuza, izime modemu kisha uiwashe upya, faiawoli ikiwa tayari imechomekwa, kwa kuwa baadhi ya modemu hukumbuka anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa cha kwanza na kukinyima huduma kinachofuata.

Bi_Swichi
Naomba kutofautiana na mchangiaji aliyetangulia. Mwenye uzi ametaja simu ya mezani, na kwenye modemu za namna hiyo kuweka daraja mara nyingine huizima huduma ya simu, hivyo aulize kwanza. Vilevile, kama laini ni ya PPPoE (inayofunguliwa kwa jina na nenosiri la mteja), kazi ya kuingia kwa jina na nenosiri itahamia kwenye faiawoli, na wakati mwingine itahitajika namba ya VLAN (tawi la mtandao ndani ya laini) ambayo mtoa huduma haitoi kwa urahisi. Hapo MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, nayo hushuka kutoka baiti 1500 hadi 1492, na asiyelijua hilo hushangaa kuona baadhi ya tovuti zinafunguka na nyingine zinaganda.

NAT mara mbili haipendezi, lakini kwa matumizi ya kawaida yanayoanzia ndani kwenda nje haizuii kitu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni Wi-Fi ya modemu. Ikiachwa wazi, kila simu iliyounganishwa nayo inaipita faiawoli kando, na kazi yote itakuwa ya bure. Izime, kisha weka kituo chako cha Wi-Fi upande wa ndani.

Mlinda_Poti
Mnabishana juu ya daraja kabla ya kujua anwani ya nje ni ipi. Ndugu mwenye uzi, fungua ukurasa wa hali ya modemu, usome anwani iliyopewa upande wa mtoa huduma, halafu utuandikie namba mbili za mwanzo tu, yaani hadi kabla ya nukta ya pili. Usiibandike nzima hapa.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana. Kubadili namba za upande wa ndani kumetibu tatizo la kwanza, na Wi-Fi ya modemu nimeizima. Anwani ya nje inaanza na 100.72.

Mlinda_Poti
Basi swali lako limebadilika. Anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kwa hiyo kuna NAT nyingine huko kwao ambayo huna mamlaka nayo, na hata ukiweka daraja, DMZ (kuelekeza kila kinachoingia kwenye kifaa kimoja) au ukifungua poti zote, VPN inayoanzia nje kwa IPv4, yaani anwani za aina hii ya zamani, haitakufikia. Kwa hali hiyo ningeiacha modemu ilivyo, simu ikaendelea kufanya kazi, na nguvu zikaelekezwa kwenye VPN.

Unaweza kuomba anwani ya umma, ambayo baadhi ya watoa huduma huiuza kando. Usipoipata, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma na uifanye faiawoli yako ndiyo iipigie hodi kwa WireGuard (aina ya VPN), ukiweka ishara ya kudumisha muunganisho kila sekunde 25 ili NAT za njiani zisiusahau. Njia ya tatu ni IPv6 (anwani za aina mpya, zilizo nyingi zaidi) ikiwa unapewa, ila modemu isiyo daraja huenda isiipe faiawoli kipande cha kutosha cha anwani, yaani /56 au /60, cha kugawia mitandao ya ndani. Kumbuka pia kwamba kwenye IPv6 vifaa vyako huwa na anwani za umma, kwa hiyo kinachovilinda ni kanuni za faiawoli peke yake: kila kinachoanzia nje kikataliwe, isipokuwa ulichokiruhusu kwa makusudi.

Ukimaliza, jaribu kuingia kwa simu yenye data ya mtandao mwingine huku Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa sababu jaribio la kutoka ndani ya nyumba haliwezi kukuonyesha kinachoonekana kutoka nje.