Tupeane uzoefu: Mameneja na wasimamizi, ni kitu gani hasa kinakushikilia kazini, na kinafunguliwaje?

Kaimu wa Kudumu (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mada hii ni ya wenye watu chini yao: mameneja wa matawi, wahasibu wakuu, wakuu wa zamu, wasimamizi wa miradi. "Jipangie muda" na "familia kwanza" tumeshazisikia kwenye semina za kutosha. Hapa tulete namna: ni kitu gani kinamzuia meneja kutoka hadi saa 2 usiku, kinaondolewaje, na kikiondolewa vibaya kinaharibu nini. Visa vya ndoa vina jukwaa lake.

Naanza. Kabla ya kubadilisha chochote, shika daftari wiki mbili. Kila simu au ujumbe wa kazi unaoingia baada ya saa 12 jioni, andika mambo manne: nani, anataka nini, kiasi gani kama ni pesa, na kingeharibika nini kama angengoja hadi asubuhi. Halafu gawa mafungu: idhini, taarifa, hofu, dharura ya kweli. Watu hutegemea kukuta dharura, kumbe wanakuta idhini.

Idhini haitibiwi kwa kuzima simu. Kama kiwango cha mwisho ambacho msaidizi wako anaweza kuidhinisha ni laki tano, na dizeli ya jenereta pamoja na fundi wa pampu kwa kawaida vinagonga laki sita au saba, basi hiyo simu ya usiku umeipanga mwenyewe. Omba kiwango kiwe milioni moja, lakini weka na kikomo cha jumla kwa wiki, la sivyo manunuzi ya milioni tatu yatakatwa vipande vitatu. Asubuhi unapitia orodha yote na risiti zake kwa mkupuo mmoja.

Fungu la hofu ni gumu zaidi. Mtu aliyewahi kufokewa mbele ya wenzake kwa kuamua jambo atakupigia hata taa ya korido ikiungua. Hapo hakuna waraka utakaosaidia. Aamue, akosee kidogo, umuulize kesho yake mkiwa wawili tu.

Funguo Mbili

Asante mkuu. Naongezea kwa matawi ya benki, maana huku mgongano unaanza asubuhi.

Chumba cha pesa hakifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja ana ufunguo, mwenzake ana namba za siri, na hakuna anayeruhusiwa kushika vyote. Tawi likifungua saa 2 na nusu, hao wawili wawe wamefika saa 1 na nusu ili matela (wahudumu wa pesa dirishani) wapewe na kuhesabu pesa za kuanzia. Kwa hiyo meneja mwenye ufunguo hampeleki mtoto shule, haumwi ghafla, na gari lake likizima Kimara wateja wanapanga foleni nje ya mlango Posta.

Dawa ni washika funguo mbadala wenye barua, siyo "leo nishikie". Zamu iende kwa wiki. Makabidhiano yanafanyika hivi: wote wawili wanaingia, wanahesabu pesa zote pamoja, wanalinganisha na salio la mfumo, wanaandika kwenye rejista tarehe, saa na kiasi, kisha wanasaini. Anayepokea namba za siri anaweka zake mpya palepale. Wiki usiyo na ufunguo ndiyo wiki ya kliniki, ya kikao cha wazazi, ya kupeleka watoto.

Yanapoharibikia ni Ijumaa saa 10 jioni. Matela hawajafunga, ATM imetoka kujazwa na hesabu yake haijakaa sawa, halafu mtu ana haraka ya basi la kwenda msibani. Ukikabidhi hapo, upungufu ukionekana Jumatatu hakuna atakayejua ni wa nani, na wote wawili mtaandika maelezo. Kabidhi Alhamisi asubuhi kabla ya kufungua mlango, wakati vitabu vya jana vimeshafungwa.

Mkaguzi wa Zamani

Nyongeza fupi kwa Funguo Mbili. Bosi akikataa likizo ndefu, usimweleze uchovu wala watoto. Ongea kiukaguzi. Benki nyingi hulazimisha likizo ya mfululizo kwa wanaogusa pesa kwa sababu udanganyifu wa kuziba pengo la leo kwa malipo ya kesho unahitaji mhusika awepo kila siku. Akikaa nje wiki mbili, pengo linajitokeza lenyewe. Kwa macho ya mkaguzi, meneja asiyekwenda likizo hana sifa ya uchapakazi, ana alama ya kuulizwa. Ombi lenye hoja hiyo hupita kwa wepesi wa kushangaza.

Bi. Kanuni

Wakuu, tuweke na sheria mezani, maana mameneja wengi hawajui walichonacho na wengine wanadai kisichokuwapo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, ovataimu isiyozidi saa 50 ndani ya wiki nne, na malipo yake ni mara moja na nusu. Lakini kifungu cha 17 kinamtoa kwenye sehemu hiyo ya saa za kazi mtu anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri NA anayeripoti moja kwa moja kwa mtumishi wa ngazi ya juu ya menejimenti. Masharti ni mawili na yote yawepo. "Meneja Mahusiano" asiyekuwa na hata mtu mmoja chini yake, anayeripoti kwa meneja wa tawi, hakuondolewa popote. Kinachoangaliwa ni majukumu, cheo kwenye kadi ya biashara hakina kazi hapo.

Likizo ni sehemu nyingine ya sheria, kifungu cha 17 hakiigusi. Siku 28 za mwaka ni zako hata ukiwa meneja, sikukuu zikihesabiwa humohumo. Mwajiri ndiye anayepanga lini, ila isipite miezi 6 baada ya mzunguko wa likizo ya mwaka (miezi 12 ya kazi) kuisha, au miezi 12 kama wewe umekubali na kuna sababu ya kikazi. Kwa hiyo ile "utakwenda tukimaliza mradi" iwe na tarehe, na iwe kwa maandishi.

Baba ana siku 3 zenye malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kuna siku 4 za mtoto kuugua au kufariki, au kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Hizo 4 ni jumla ya mzunguko wake, ambao kwa likizo hizi ni miezi 36, hazianzi upya kwa kila msiba. Na tazama orodha vizuri: mjomba hayumo, shangazi hayumo, mama mkwe hayumo. Kwetu sisi hao ndio wanaokusafirisha hadi Bukoba kwa siku tano. Ukipanga likizo ya mwaka, acha siku tano au sita bila kuzigusa kwa ajili yao. Anayemaliza siku zote Aprili anaishia kudanganya kwamba "mama mdogo" ni mama mzazi, na akija kufariki mama mwenyewe hana pa kusemea.

Wa Nairobi

Huku kwetu Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki 2 zenye malipo, mama miezi 3, na likizo ya mwaka siku 21 za kazi. Shida ni kwamba mameneja wengi wanaume wanaichukua hiyo ya wiki mbili wakiwa na simu ya ofisi mkononi. Jibu la otomatiki la barua pepe liwe na jina na namba ya anayekaimu, sio "nitachelewa kujibu". Ukiandika utachelewa, umeahidi utajibu.

Mama Njiti

Kwa kina mama wasimamizi. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, pacha ni 100, na marekebisho ya 2025 yameongeza muda kwa aliyejifungua kabla ya wakati. Ukirudi una hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wafanyakazi wa kawaida wanazitumia. Mameneja wanazipoteza, kwa sababu kikao cha idara kimewekwa saa 9 alasiri na aliyekiweka ni mkurugenzi.

Ziweke kwenye kalenda ya ofisi kama miadi inayojirudia kila siku, kabla ya siku ya kwanza kurudi. Kalenda ikionesha umejaa kuanzia saa 9, mwandishi wa vikao atatafuta saa nyingine. Ukisubiri kujitetea kikao kwa kikao, umeshindwa.

Anayekamua ofisini ajue vipimo. Maziwa hukaa saa 4 kwenye joto la hadi nyuzi 25. Dar au Tanga bila kiyoyozi hiyo nyuzi 25 huipati, kwa hiyo usiyahesabie saa 4. Kwenye friji ni siku 4, nyuma kabisa, siyo mlangoni ambako joto linapanda kila mtu akichukua maji. Njiani tumia kiboksi chenye vipande vya barafu vilivyoganda kweli, humo yanahimili hadi saa 24. Andika tarehe na saa kwenye kila chupa. Friji la ofisi linalojaa samaki wa watu wa masoko halifai, omba dogo la pekee. Bei yake haifiki posho za safari moja ya kikazi.

Debiti na Krediti

Kwa wahasibu wakuu adui ni tarehe. PAYE (kodi ya mishahara) mwisho tarehe 7, VAT tarehe 20, na wenye mwaka wa kalenda wana awamu za kodi mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Sasa ziweke juu ya kalenda ya shule: kufunga Desemba, kufungua na ada Januari, likizo ndefu ya Juni. Zinapandana karibu zote. Januari ndiyo mbaya zaidi, wakaguzi wa nje wanaingia wakati wewe unanunua madaftari.

Tarehe za TRA (mamlaka ya mapato) hazisogei, kazi inasogea. Usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vyako na taarifa ya benki) ufanywe kila Ijumaa badala ya mwisho wa mwezi. Uchakavu, malipo ya awali na malimbikizo ya kodi ya pango yaandaliwe tarehe 25. Ankara za wasambazaji zinazochelewa ziwekewe makadirio badala ya kuzisubiri. Kinachobaki siku ya mwisho ni mauzo, hesabu ya stoo na mishahara. Kufunga vitabu kunaweza kushuka kutoka siku ya 10 hadi ya 5. Mahali pa kukwama ni stoo: wakianza kuhesabu mzigo bado unaingia, namba haitakubali, na utalala hapo. Simamisha kupokea mzigo saa 8 mchana.

Zamu ya Pwani

Hoteli za Zanzibar na pwani: msimu wa wageni ni Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Yaani watoto wakifunga shule, baba ndiyo anazama. Aprili na Mei, mvua za masika, ndio muda wa likizo za mameneja. Anayeahidi familia safari ya Juni anaahidi uongo. Afadhali siku tatu za katikati ya wiki, Jumanne hadi Alhamisi, ziandikwe kwenye ratiba tangu Machi.

Ramadhani ipangwe kabla mwezi haujaandama. Magharibi ya pwani ni kama saa 12 na robo hadi saa 1 kasoro mwaka mzima, na zamu ya mchana ya saa 9 hadi saa 5 usiku inamkata mtu katikati. Asiyefunga achukue mchana, anayefunga achukue asubuhi, halafu Krismasi na Pasaka deni lirudi. Liandikwe kwenye ratiba ileile. Deni la mdomo husahaulika Desemba.

Mzazi wa Mbali

Mnaosubiri uhamisho: ukiulizwa, omba tarehe ya kuripoti iwe Januari au Julai, na angalia madarasa ya watoto. Darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya NECTA (baraza la mitihani) na husajiliwa kwenye kituo. Kuwahamisha baada ya usajili ni mateso. Mtoto wa darasa hilo abaki na mzazi mmoja hadi amalize. Wengine wanahamia bila shida.

Na dada wa kazi msimsahau. Yeye naye anataka kwenda kwao Desemba, mwezi uleule wa kufunga hesabu. Mpangie likizo Septemba, mlipe nauli ya kwenda na kurudi, na anayemshikia nafasi afike wiki moja kabla dada hajaondoka ili aoneshwe dawa za mtoto, njia ya shule na nani anaruhusiwa kumchukua.

Mgeni wa Mada

Swali wakuu. Barua ya kukaimu nimeona inatolewa, lakini hundi bado zinapelekwa nyumbani kwa meneja aliye likizo zisainiwe. Tatizo ni nini?

Kaimu wa Kudumu

@Mgeni wa Mada, barua ya kukaimu inafanya kazi ndani ya ofisi tu. Benki haiijui. Kubadili wasaini kunahitaji azimio la bodi, fomu ya benki, vitambulisho, picha na sampuli ya saini ya mtu mpya, na inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki. Usilianzishe wiki ya kuondoka. Wawepo wasaini watatu wa kudumu, wowote wawili wanatosha, likizo haigusi kitu.

Barua yenyewe iwe na tarehe ya kuanza na kuisha, kiwango cha pesa, mambo ambayo kaimu haruhusiwi (kuajiri, kufukuza, kusaini mikataba mipya) na posho yake kama ipo. Kwenye mfumo, mpe kaimu haki kwa jina lake mwenyewe. Ukimwachia nenosiri lako, kila atakachoidhinisha kitasomeka ni wewe, na namba ya uthibitisho bado itakuja kwenye simu yako ukiwa Moshi.