Naomba ushauri: jina Bakari lina maana gani hasa?

Mzazi wa Magomeni: Ndugu zangu, hapa Bagamoyo nimejaaliwa mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ana siku tano, na wazee wanataka aitwe Bakari. Mtandaoni nimesoma kwamba maana yake ni "mwenye ahadi tukufu", lakini jirani ananiambia ni ndama wa ngamia. Nahofia atachekwa shuleni.

Ustadhi wa Kaole: Jirani yako amesema kweli. "Bakr" kwa Kiarabu ni ngamia dume aliye mchanga, nasi jina tumelipata kwa Abubakar, khalifa wa kwanza, aliyeongoza tangu mwaka 632 hadi 634. Ndimi zetu ziliiacha "Abu" na kuongeza irabu mwishoni, kama Uthman alivyokuwa Athumani. Mzizi huohuo, wenye maana ya kutangulia, ndio uliotupa neno "bikira". Hiyo "ahadi tukufu" haimo katika Kiswahili.

Binti Dunda: Kaka yangu ni Bakari, na tangu utotoni tunamwita Beka, sikumbuki aliyewahi kumcheka. Kwenu Bakari ni nani?

Mzazi wa Magomeni: Ni baba yangu mzazi, yu hai, na nilimwahidi. Ila fomu nimeshaijaza Rayyan, jina la mlango wa Peponi wanaoingia wafungao saumu. Sioni kosa.

Mzee wa Pwani: Kumbe shida si ngamia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapahapa Bagamoyo, alifundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900 akiwa na jina la baba yake, wala halikumpunguzia heshima. Unamnyima baba yako somo, yaani mjukuu wa jina lake.

Mdadisi: Nashuku kisa hiki kimetungwa. Mwezi uliopita uliomba ushauri kuhusu mwanao anayeanza darasa la kwanza. Leo huyu ndiye wa kwanza?

Mzazi wa Magomeni: Yule ni mtoto wa marehemu dada yangu, ninayemlea. Naye ni Bakari. Nimeogopa kwamba nikimpa mwanangu jina hilohilo, yule ataona nafasi yake imechukuliwa.

Binti Dunda: Pole sana, kaka. Hilo ndilo ungelianza nalo. Nyumba nyingi zina Bakari mkubwa na Bakari mdogo, lakini hofu yako si ya kupuuzwa.

Ustadhi wa Kaole: Akika ni keshokutwa. Mweleze baba yako leo, kama ulivyotueleza sisi, kabla hajalisikia jina Rayyan mbele ya watu.

Mzazi wa Magomeni: Naenda kwake baada ya Alasiri, na Bakari nitafuatana naye.