Leseni ya vileo Dodoma: grosari ya Swaswa niombe aina gani?

Frem_Swaswa
Wakuu, habari za majukumu. Nimepata frem Swaswa, nataka kuuza bia na mvinyo wa hapa hapa Dodoma. Wa kubeba abebe, wa kukaa akae, nje viti sita. Leseni ya biashara ya duka ninayo. Inatosha? Na nikinunua mvinyo kwa dumu Hombolo nikaujaza mwenyewe kwenye chupa, kuna shida?

Chako_ni_Chako
Haitoshi mkuu. Leseni ya vileo inajitegemea, ina sheria yake ya mwaka 1968, na inatolewa na halmashauri, kwako ni Jiji. Neno "grosari" ndilo linalowapoteza wengi. Mtaani grosari ni mahali pa kukaa na kunywa, ila kwenye fomu utakuta "on" na "off". "Off" ni chupa iliyofungwa, mteja anaondoka nayo. "On" ni kunywea pale pale. Ukishaweka viti sita wewe ni "on", hata kama wateja tisa kati ya kumi wanabeba. Mkaguzi hana haja ya kumkuta mtu na glasi mkononi: opena iliyofungwa kamba kwenye friji, na vizibo vilivyokanyagwa mchangani mbele ya mlango, vinamweleza kila kitu.

Zipo pia za jumla, hoteli, mgahawa, klabu ya wanachama, na ya muda kwa ajili ya shughuli. Wanzuki na pombe nyingine za kienyeji zina leseni zake. Gongo usiiguse kabisa.

Ihumwa_Kwetu
Naongezea hatua. Kabla hujalipa kodi ya frem, uliza mipango miji kiwanja kimepangiwa matumizi gani. Kikiwa cha makazi matupu, ombi linaweza kukwama hapo wakati kodi ya miezi sita imeshaingia mfukoni mwa mwenye nyumba. Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote, tafadhali usilirudie.

Kisha andaa TIN, kitambulisho cha NIDA na mkataba wa pango. Maombi siku hizi yanaanzia mtandaoni, kwenye mfumo wa halmashauri unaoitwa TAUSI. Tarajia maoni ya mtendaji, afisa afya na polisi. Afisa afya anaangalia choo cha wanaume na cha wanawake, maji ya kunawa, na vyeti vya kupima afya vya wahudumu. Rekebisha choo kwanza, ndipo umwite.

Zabibu_Nyeusi
Suala la dumu: acha kabisa, ndugu yangu. Leseni ya rejareja inakuruhusu kuuza, haikuruhusu kufungasha. Ukijaza chupa mwenyewe umekuwa mzalishaji, na hapo unadaiwa alama ya TBS (shirika la viwango) na stempu ya kielektroniki ya TRA (mamlaka ya mapato). Isitoshe, mvinyo wa dumu lililofunguliwa unageuka siki haraka kwa joto letu, kwa sababu hewa imeshaingia. Nunua chupa zenye stempu kutoka viwanda vya hapa, zikague kwa programu ya Hakiki Stempu wakati unapokea mzigo, gari likiwa bado mlangoni. Kumimina glasi moja moja kutoka chupa yenye stempu ni sawa, mradi una "on".

Frem_Swaswa
Asanteni sana wakuu. Nikiomba sasa hivi, Agosti, itadumu mwaka mzima? Na mpangaji aliyetoka ameniachia leseni yake ukutani, siwezi kuanza nayo?

Ihumwa_Kwetu
Vipindi ni viwili: 1 Aprili hadi 30 Septemba, na 1 Oktoba hadi 31 Machi. Ukiipata Agosti, inakwisha 30 Septemba. Uliza Jiji kama inafaa usubiri kipindi cha Oktoba, na uwasilishe mapema, maana wengi huenda wiki ya mwisho na foleni inakuwa ndefu.

Chako_ni_Chako
Hiyo ya ukutani ishushe leo. Leseni imeandikwa jina la mtu na mahali, na jina si lako. Kama naye yuko tayari kukuachia, nendeni wote wawili Jiji mkaombe kuihamisha. Ila kwanza isome imeandikwa "on" au "off", usije ukahamishiwa ya kubeba wakati viti vyako viko nje.