Lami au vumbi? Mdogo wangu anataka baiskeli iwe kazi yake (Nakuru)

KijanaWaBahati
Habari za jioni wanachama. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi, maana muuzaji hasubiri. Mdogo wangu ana nguvu sana kwenye baiskeli na anasema hataki kazi nyingine, anataka kuwa mwanabaiskeli wa kulipwa. Sisi nyumbani tumechanga 180,000. Hapa Nakuru kuna mtu anauza baiskeli ya mbio za lami, kaboni, mtumba kutoka Ulaya. Eldoret kuna mwingine anauza ya vumbi, yenye matairi mapana. Pesa inatosha moja tu. Tuchukue ipi?

Mlima_Nyangori
Ndugu, bado hujatuambia kitu. Ana miaka mingapi? Ameshindana wapi na akawa wa ngapi? Urefu, uzito? Ana pasipoti? Nguvu hata wabeba mizigo wa Kondele wanazo. Umri ndio wa kwanza, kwa sababu timu za Ulaya hutafuta watu kwenye mbio za vijana wasiozidi miaka 22. Akishapita hapo, anayemwangalia ni mmoja mmoja.

FundiSection58
Kabla hujalipia kaboni ya mtumba, mpeleke fundi na sarafu. Agonge fremu yote taratibu, hasa chini karibu na pedali na pale uma wa gurudumu la mbele unapoingia. Sauti ikiwa kavu na moja kila mahali, sawa. Ikififia sehemu moja, hapo pana ufa usiouona kwa macho. Nimeona fremu iliyopakwa rangi mpya vizuri kabisa ikafunguka kwenye mteremko wa Subukia. Chukua alumini. UCI yenyewe, chama cha baiskeli duniani, hairuhusu baiskeli ya mashindano chini ya kilo 6.8, kwa hiyo usidanganywe kwamba kijana anayeanza atashindwa kwa sababu ya kilo moja.

Chelel_Iten
Vumbi, bila kufikiri mara mbili. Lami inataka timu: gari la nyuma, magurudumu ya akiba, wenzako wa kukukinga upepo. Kwenye vumbi mtu anajiandikisha, anapanga mstari na wazungu wakubwa, na miguu inasema. Team Amani, timu ya mbio za vumbi, wana makao hapa Iten, mita 2,400 juu, na mbio za vumbi za Migration Gravel Race zinapita Maasai Mara tangu 2021. Suleiman Kangangi alipitia lami, akawa wa tatu Tour du Rwanda 2017, akaendeshea Bike Aid ya Ujerumani, halafu akageukia vumbi akiwa nahodha wa Amani kwa sababu aliona huko ndiko vijana wetu wanaweza kupata nafasi. Tulimpoteza Agosti 2022 kwenye mbio za Vermont, Marekani. Kazi aliyoianza bado inaendelea.

MzeeWaKericho
Kangangi nilimheshimu mno, Mungu amrehemu. Lakini tusiwafungie vijana lami. Biniam Girmay ametoka Asmara, akapitia kituo cha UCI kule Aigle, Uswisi, akaingia timu ya Delko ya Ufaransa, na 2022 akashinda Gent–Wevelgem, mbio kubwa ya siku moja kule Ubelgiji. Tour de France ya 2024 alishinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi. Mashindano ya dunia yamefika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika. Kigali ni basi tu kutoka hapa! Mlango uko karibu kuliko wakati wowote.

Mlima_Nyangori
Mzee, kwa Waeritrea baiskeli ni kama mbio za miguu kwetu, wana mbio mitaani tangu utotoni. Sisi hatuna hizo. Na Girmay ni mmoja. Timu za daraja la juu ni 18 tu duniani, na chini yake zipo za ProTeam, daraja la pili. Za Continental, daraja la tatu, ambako Mkenya ataanzia, UCI haiziwekei kima cha chini cha mshahara.

Rudi_Nyumbani
Hilo la mshahara ndilo lililonileta hapa. Huwa nasoma tu, leo niandike.

Mimi niliitwa na timu ndogo ya Ulaya. Sitaitaja. Barua ilisema nyumba, baiskeli, na posho ya kila mwezi. Kijiji kizima kilinisindikiza Eldoret. Kufika, nyumba ni chumba kimoja cha vitanda vya ghorofa, baiskeli ni saizi 58 na mimi ni wa 54. Waliniambia nyingine inakuja. Goti likaanza kuuma kabla hata ya msimu kushika kasi. Halafu mbio zenyewe: mimi ni mtu wa milima, nimezoea kupanda Tambach, na wao wananipeleka nchi tambarare kabisa, barabara nyembamba, upepo wa ubavuni. Kule upepo ukipiga wanajipanga mshazari barabara nzima, na asiyepata nafasi kwenye mstari wa kwanza amekwisha. Hakuna aliyewahi kunifundisha kukaa kwenye kundi la watu 180 bega kwa bega. Nilikuwa naachwa nikiwa bado na pumzi tele, na hiyo inauma kuliko kuchoka.

Posho ililipwa mara moja. Nikiuliza, naambiwa mdhamini amechelewa. Visa ya Schengen ni siku 90 ndani ya kila 180, zikaisha, na tiketi ya kurudi ilikuwa mikononi mwa mkurugenzi. Karatasi niliyotia sahihi ilikuwa kwa lugha nisiyoijua.

Ndugu wa Bahati, kabla ya lami au vumbi uliza haya: mkataba uko kwa lugha gani, bima ya ajali ni ya nani, na tiketi ya kurudi anaishika nani.

MamaWawili_Milimani
Pole sana kaka. Umetusaidia wengi kwa kuandika haya.

Kipara_Kakamega
Pole. Lakini watu wasikate tamaa, Mkenya ameshinda Tour de France mara nne. Chris Froome, 2013, 2015, 2016 na 2017.

Mlima_Nyangori
Alishinda kwa leseni ya Uingereza, ameibadilisha 2008.

Kipara_Kakamega
Amezaliwa Nairobi, amefundishwa na David Kinjah kule Kikuyu, na 2006 alivaa jezi ya Kenya Melbourne kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Unataka awe nani?

MzeeWaKericho
Wote mna haki hapo. Ninalosema mimi ni kwamba Kinjah alikuwa na karakana ndogo na vijana wa mtaa, na hilo lilitosha kuanzia. Kila mji hapa magharibi ungekuwa na mtu kama huyo tungekuwa mbali. Serikali za kaunti zinajenga viwanja vya mpira tu.

KijanaWaBahati
Asanteni wote, na pole Rudi. Majibu: ana miaka 21. Mbio za hapa Njoro na Molo amekuwa wa tatu mara mbili. Pasipoti hana. Urefu mita 1.83, kilo 69. Ile ya kaboni ni saizi 52, muuzaji anasema inarekebishika kwa kuinua kiti. Pia ana barua ya kuingia chuo cha ufundi, umeme, Septemba. Baba anataka aende, mama anasema tumwache ajaribu.

FundiSection58
52 kwa mtu wa 1.83? Hapana! Kiti utainua, urefu wa fremu utaurefushaje? Mgongo utamwisha. Ya Eldoret ni saizi gani?

Chelel_Iten
Na hiyo barua ya chuo ndiyo ulipaswa kuanza nayo. Umeme unaweza kusomwa na mazoezi yakaendelea asubuhi.

MzeeWaKericho
Sikubali. Miaka 21 ana msimu mmoja tu wa daraja la vijana uliobaki. Chuo kitamsubiri, miguu haisubiri.

MamaWawili_Milimani
Mzee, na ada ikishaliwa na baiskeli? Jueni pia pesa ya kazi hii ni mshahara, si zawadi. Mshindi wa Tour nzima hupewa euro 500,000, na kwa desturi anagawana na wenzake. Walio wengi maisha yao yote ni kubeba chupa na kumkinga kiongozi upepo. Kijana anajua kwamba huenda kazi yenyewe ni hiyo?

Rudi_Nyumbani
Swali zuri dada. Mimi ningeifanya kwa furaha, ningelipwa.

Mlima_Nyangori
Aazime kipimo cha wati, kile cha kupima nguvu anayokanyagia pedali, apande mlima wa dakika 20 kwa nguvu zote, agawe kwa kilo zake 69. Wanaoshindania milima ya Tour hufika wati 6 kwa kila kilo zaidi ya nusu saa. Tuletee namba. Na asipime kwenye barabara ya Salgaa, matrela yale hayamwoni mtu.

Kipara_Kakamega
Salgaa kwa kweli hapana. Apite Eldama Ravine. Kuna kundi linatoka Nakuru kwenda huko Jumapili?

FundiSection58
Lipo, saa kumi na mbili, tunaanzia dukani kwangu. Mlete mdogo wako, nitampima saizi bure.

Wanjiku_Nyahururu
Samahani naingilia. Nina dada yangu wa miaka 17, anawaacha wavulana kwenye mlima wa kwetu. Amani wanachukua wasichana?

Chelel_Iten
Wanachukua, wapo wanawake wanaoshindana. Nitumie ujumbe.

KijanaWaBahati
Jumapili tutakuja. Muuzaji wa Eldoret anasema ni saizi 56, lakini sasa anataka 195,000.