Ukoo wa Bombo: majina ya fomu ya Yusufu

Shangazi Zaituni: Asalaam alaikum nyote. Nimeandika juzi, nimeandika jana, na naona mmesoma. Narudia kwa utaratibu. Yusufu amepata ufadhili wa jeshi la majini la Marekani, ule wa kusoma chuo kikuu huku akifundishwa uofisa, na kabla ya kuripoti kambi ya Great Lakes, iliyoko jimbo la Illinois, anatakiwa kujaza fomu ndefu ya uchunguzi wa usalama. Fomu hiyo inataka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, uraia, anwani na kazi ya kila raia wa nchi ya nje anayewasiliana naye kwa ukaribu. Mama yake, Hadija, anataka majina hayo kabla ya Ijumaa. Andikeni kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, si kama tunavyoitana jikoni.

Kassim: Shangazi, kitambulisho changu kinasema nimezaliwa tarehe 1 Januari, sawa na Amu Ramadhani, sawa na marehemu Mzee Swaibu, sawa na nusu ya Bombo. Hao wachunguzi watadhani sisi tulizaliwa kwa amri ya serikali.

Shangazi Zaituni: Tuma mwaka pia, Kassim.

Sauda: Wa alaikum salaam. Kabla sijatoa jina langu naomba kuelezwa jambo moja. Mtoto huyu anakwenda chuoni au anakwenda jeshini? Nilipomuuliza mama yake wakati wa Iddi alisema chuoni, na sasa nasikia kambi.

*(Saa sita zilipita.)*

Yusufu (Waltham, Marekani): Shikamoo Shangazi Sauda, na shikamooni nyote. Nakwenda kote kuwili. Mpango huu unaitwa NROTC, ulianza mwaka 1926 katika vyuo vikuu sita, na mwanafunzi anabaki mwanafunzi wa kawaida anayesomea shahada yake. Mimi nitasomea uhandisi. Juu ya masomo hayo kuna somo la jeshi la majini kila muhula, kama vile uongozaji wa meli, mitambo ya meli, silaha na uongozi wa watu, na wenye ufadhili tunalazimika kufaulu kalkulasi na fizikia hata kama shahada yetu haizihitaji. Kuna mazoezi ya alfajiri, kuna siku ya sare na kwata, na likizo ya kiangazi tunapelekwa melini au kwenye vikosi. Nikihitimu napewa cheo cha chini kabisa cha ofisa, kinacholingana na luteni usu wa nchi kavu.

Sauda: Na baada ya cheo?

Yusufu (Waltham): Natumikia miaka isiyopungua 5 kazini, na jumla ya wajibu, pamoja na muda wa kuwa askari wa akiba, ni miaka 8. Mwaka wa kwanza wa chuo naweza kujiondoa bila deni. Nikishaanza mwaka wa pili halafu nikaacha, wanaweza kunidai ada yote au kunitaka nitumike kama askari wa kawaida.

Kassim: Yusufu, je, kuogelea kumo? Maana mimi ndiye niliyekuvuta kutoka kwenye shimo la matofali la Mzee Swaibu, na maji yalikuwa yamekufika kifuani tu.

Yusufu (Waltham): Kumo, Amu, na bila kufaulu mtihani wa kuogelea mtu haendelei. Nimejifunza tangu wakati ule.

Kassim: Basi tufanye harambee ya kununua boya.

Shangazi Zaituni: Kassim, mpaka sasa nina majina mawili tu, langu na la Mariamu. Na si boya litakalochangiwa, ni dua. Jumapili tutakutana Bombo kwa Babu baada ya adhuhuri, tumsomee mtoto dua kabla hajavaa sare ya watu. Kila kaya shilingi 30,000, kwa simu yangu ileile.

Amu Ramadhani: Nimesoma yote tangu juzi na nilinyamaza kwa makusudi. Ukoo huu umewahi kuambiwa kwamba mtoto wake anakwenda kuwa mtu wa meli. Tulichanga, na pesa ilipokosekana likauzwa lile lililouzwa, na mpaka leo ninapopita pale naona ghorofa ya mtu mwingine. Sitaki kuambiwa tena mambo ya bahari kabla ya kujua nani analipa.

Shangazi Zaituni: Ramadhani, Faridi yumo humu kikundini.

Amu Ramadhani: Najua kwamba yumo.

Hadija (Waltham): Kaka, hakuna anayeombwa ada. Jeshi linalipa ada yote ya chuo, linatoa fedha za vitabu na posho ya mwezi inayoanzia dola 250 mwaka wa kwanza hadi dola 400 mwaka wa nne. Wasilolipa ni chumba na chakula, na hilo ni langu na zamu zangu za usiku. Ninachoomba kutoka Uganda ni majina tu, yawe ya kweli. Samahani nimechelewa kujibu, nilikuwa kazini.

Sauda: Na dini yake, Hadija? Ataswali wapi huko melini?

Hadija (Waltham): Jeshi hilo lilipata imamu wake wa kwanza mwaka 1996. Nami niliuliza swali hilohilo kabla ya jingine lolote.

Shangazi Zaituni: Sasa lile zito, ambalo nilitaka tulimalize kwa simu ila hampokei. Yusufu huongea na Babu kila Ijumaa, na ndiye aliyemlea mpaka akafika umri wa miaka tisa, kwa hiyo jina la Babu halikwepeki. Fomu inauliza kama mtu huyo aliwahi kutumikia serikali au jeshi la nchi yoyote. Mimi nashauri tuandike kwamba Babu ni mkulima. Ni mkulima kweli, migomba yake tunaila sote.

Sauda: Naunga mkono. Mambo ya zamani yale yanamhusu nini mtoto aliyezaliwa zaidi ya miaka 20 baadaye?

Kassim: Tena enzi za Idi Amin Babu alikuwa Kikosi cha Wanamaji cha Bugolobi, hapo Kampala, ambako maji yalikuwa ya mvua. Wamarekani wakisoma hivyo watampa Yusufu meli nzima kwa urithi.

Amu Ramadhani: Hili si la kuchekea. Watu walizikwa kwa sababu ya orodha za majina, na Kassim hakuwa amezaliwa. Lakini nauliza, mtaandika jina lipi? La kitambulisho cha sasa, au lile alilovuka nalo kwenda Sudan mwaka 1979?

*(Hakuna aliyeandika mpaka usiku.)*

Hadija (Waltham): Fomu inauliza pia majina mengine ambayo mtu aliwahi kutumia. Nawaomba mnielewe. Babu kuwa dereva wa malori ya jeshi zaidi ya miaka 40 iliyopita ni jambo linaloweza kuelezwa, na wachunguzi hupima mtu kwa mambo mengi. Uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai kwa sheria za huku, na atakayeulizwa ni Yusufu, siyo sisi. Mtoto mwenyewe amekataa kuandika mkulima peke yake. Anasema ataanzaje kuapa kuwa ofisa juu ya jambo ambalo analijua kuwa si kweli.

Shangazi Zaituni: Sikusema tuseme uongo. Nilisema tupunguze maneno.

Mariamu: Asalaam alaikum. Niko Bombo kwa Babu. Nimemsomea ujumbe wote, hata wa Amu Kassim, na amenitaka niandike kama anavyosema bila kuongeza.

Mariamu: Anasema: «Nilibadilisha jina ili watoto wangu waishi. Wameishi, na wajukuu wameishi, kwa hiyo jina lile halina kazi ya kujificha tena. Niliingia jeshini mwaka 1972 bila kuulizwa ninataka nini, nikaendesha lori mpaka Aprili 1979 Kampala ilipoanguka, na sijampiga mtu. Yusufu ameulizwa, na amejibu mwenyewe. Mwandikeni baba yenu kwa majina yote mawili. Zaituni, usinipunguze.»

Shangazi Zaituni: Nimesikia, Baba.

Sauda: Nimesikia.

Amu Ramadhani: Nimesikia.

Kassim: Nisamehe, Babu. Jina langu na mwaka nimemtumia Shangazi pembeni.

Faridi: Asalaam alaikum. Niko Mombasa, mtandao ulikuwa mbaya. Nitatuma jina. Kuhusu yale ya Amu Ramadhani nitampigia mwenyewe, siyo hapa.

Amu Ramadhani: Umesema hivyo pia wakati wa matanga ya Mzee Swaibu.

Hadija (Waltham): Limebaki jambo moja. Kwa jina la kwanza la Babu sina tarehe ya kuzaliwa wala namba yoyote ya jeshi, na kitambulisho chake cha sasa kina mwaka ambao yeye mwenyewe anaukataa. Kuna karatasi yoyote ya kabla ya 1979 iliyosalimika?

Shangazi Zaituni: Kuna lile sanduku la bati. Ramadhani, bado liko kwako Jinja?

Sauda: Kuhusu Jumapili, mimi niko zamu hospitalini. Je, dua haiwezi kusogezwa hadi Jumapili inayofuata?

Shangazi Zaituni: Kufikia Jumapili inayofuata mtoto atakuwa karibu kuripoti. Dua ni Jumapili hii. Waliotuma 30,000 ni wawili, na wa Arua hawajasema hata salamu. Ramadhani, nimeuliza kuhusu sanduku.

Amu Ramadhani: Liko. Lina kufuli, na ufunguo sikuwahi kupewa mimi. Nitaliangalia nikirudi kutoka Iganga, pengine Alhamisi. Kuhusu Jumapili sijaahidi.