Naomba ushauri: taarifa za balozi kuhusu mazungumzo ya amani

Wakuu, habari zenu. Naandaa taarifa ya habari ya jioni redioni, na habari za amani ya mashariki mwa Kongo zinaninyima usingizi.

Kila mara inatufikia taarifa ya ubalozi fulani: "tunaunga mkono mchakato", "tunazihimiza pande zote". Tunaisoma kama ilivyo, muda umekwisha. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walipotia saini makubaliano Washington, nilisoma orodha ya waliopongeza nikabanwa na muda kabla sijaeleza kilichoandikwa ndani. Kesho yake mama mmoja aliyekimbia makwao akapiga simu: "Mwanangu, kwa hiyo turudi nyumbani?" Nilibaki kimya. M23, waasi wanaopigana na serikali ya Kongo, hawakuwa miongoni mwa waliosaini, na hilo sikulitamka hewani. Tamko lao la kanuni na serikali hiyo lilikuja Julai 19, Doha, Qatar. Kunyamaza kwangu kunaniuma mpaka leo.

Mliofuatilia mazungumzo ya Burundi kule Arusha hadi mkataba wa Agosti 2000, nisaidieni. Mlimuulizaje balozi maana halisi ya "kuunga mkono": ni fedha, waangalizi, au shinikizo kwa nani? Mhariri wangu anahofia tukibana sana hatutaalikwa tena. Mimi naona bora tukose mwaliko, ila nataka kumshawishi kwa heshima. Nianzie wapi?