Naomba ushauri: nafasi ya usaidizi wa kufundisha Kiingereza Marekani

Wanajamvi, nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya Kiingereza katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, nami natakiwa kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Nitasamehewa ada na kulipwa posho kwa miezi tisa, nikifundisha uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha kazi kwa mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) wakati wa muhula. Kufundisha hakunitishi, kwani nimeshika chaki sekondari miaka minne (na msongamano wa madarasa yetu mnaujua). Kinachoninyima usingizi ni ile miezi mitatu ya kiangazi isiyo na posho, pamoja na bima ya afya ambayo barua ya chuo ya kunipa nafasi haikuitaja. Mliopita njia hii, kiangazi mliishije, na je, ni busara kuiomba idara ifafanue hayo kabla sijatia saini?